Mzima wa Kulinganishia

4 Februari
Maabara, ghorofa ya pili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenifikia. Dereva wa lori la unga alinikabidhi getini mbele ya mlinzi, na mlinzi akaniuliza nimeshtakiwa kwa kosa gani. Nikamwambia sijashtakiwa, ila nina dada aliyegombana na simu.

Sasa tuelewane. Tangu nije mjini, kila Jumapili ulikuwa unapanda kile kilima cha tangi la maji, maana huko bondeni kwenye shule yenu mtandao haufiki, na ukishafika juu unanipigia na kunisema mpaka salio linakata. Nimezoea kusemwa. Leo unaniandikia kwamba simu basi, kuanzia sasa ni barua, eti kwenye simu ninadanganya haraka mno, na kwamba mtu akiuandika uongo ataona haya akiusoma. Dada, mimi sidanganyi. Naongeza chumvi. Wewe unayepikia shule nzima ndiye wa kufundishwa tofauti?

Jumapili iliyopita nilijisahau, nikaiweka simu mezani nikakaa mbele yake kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe. Haikulia. Chumba changu nilishakueleza: kitanda, meza, na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Jirani ana redio. Naisikiliza kuliko yeye mwenyewe, na akihamisha stesheni katikati ya habari nachukia kabisa. Siku akihama sijui nitazungumza na nani.

Umeuliza kazi. Wengine wote waambie nafanya utafiti. Wewe peke yako nakwambia: nabeba barafu, nafuta meza kwa dawa, nasukuma toroli la chupa za damu. Lakini mkia wa simba nao ni simba.

Nikueleze kwa lugha ya jikoni, maana nyingine hutaielewa, na mimi pia inanipiga chenga. Mwili ni shule kama yenu. DNA ni kitabu cha mapishi, kimefungiwa ofisini kwa mkuu, hakitoki. RNA ni vikaratasi vinavyonakiliwa humo na kupelekwa jikoni, na kinachopikwa ni protini. Hayo walitufundisha kabla sijaacha shule, nililala kidogo tu. Sasa kuna RNA nyingine, fupi fupi, ambazo hazipikishi kitu chochote. Wakubwa waliziita takataka miaka na miaka. Kumbe ndizo zinazoingia jikoni na kumwambia mpishi, leo hiki usipike. Ndogo lakini korofi, kama mtu fulani unayemjua. Moyo ukianza kuumia, hata kabla mwenyewe hajahisi, zile fupi zake zinavuja na kuingia kwenye damu. Daktari wetu anazitafuta humo.

Nilimkumbuka baba. Alianguka na tofali mkononi, watu wote wakasema jua.

Na jambo moja la ajabu: ngozi ya mtu ni adui wa RNA. Jasho la kidole lina kitu kinachozikatakata kabla hujasema pole. Kwa hiyo tunavaa glovu asubuhi hadi jioni, na hakuna anayempa mwenzake mkono. Tunasalimiana kwa nyusi. Juzi niligundua kuwa tangu niondoke hapo sijaguswa na mtu, ukiacha kinyozi.

Andika haraka. Barua zako ni fupi kama hizo RNA.

Mdogo wako,
Chiriku


19 Februari
Jikoni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage, wasichana wa jikoni wakinichungulia begani. Wamecheka sana ulipoandika kuwa ulilala kidogo. Mwalimu wako aliniambia ulikuwa unakoroma.

Sijagombana na simu. Kilima kina matope, na mimi si mbuzi. Halafu ni kweli unadanganya. Uliwahi kuniambia umeshakula huku nasikia tumbo lako.

Hapa hatujambo. Nimejipatia kiti. Siku hizi nakata vitunguu nimekaa, kama malkia. Ukiwa mkubwa kazini unakaa, wadogo ndio wanaosimama. Sufuria kubwa wanabeba wao.

Baba na jua lake mwache apumzike.

Unakula na nani jioni? Sijauliza unakula nini.

Dada yako


2 Machi
Maabara, ghorofa ya pili

Dada Malkia wa Vitunguu,

Shikamoo. Jioni nakula na redio ya jirani. Inakula kidogo, kwa hiyo nashiba.

Kaa kwenye kiti chako hicho, maana habari hii ni nzito: mdogo wako amekuwa Kipimo.

Usicheke kwanza. Ni hivi. Ukimpima mgonjwa RNA zake peke yake, utajuaje kama ni nyingi au chache? Lazima uwe na mtu mzima wa kulinganisha naye. Mwanzoni tulikuwa kundi: mlinzi, karani wa mapokezi, dereva wa gari la wagonjwa, na mimi. Mlinzi akaona sindano akakumbuka ana lindo. Karani akapata ujauzito, na mjamzito damu yake inazungumza mambo mengine. Dereva akahamishwa. Nikabaki mimi, na mimi hata kabla ya kuitwa nimeshakunja mkono wa shati. Daktari akasema basi, kwa sasa tutumie huyu huyu, ni kijana, ana nguvu, yupo kila siku. Aliniuliza wazazi wamekufa kwa nini. Nikamwambia mama kwa homa, baba kwa jua. Akaandika, akaendelea.

Kwa hiyo kila moyo unaoletwa hapa, wa mzee, wa tajiri, wa mwalimu mkuu, unasimamishwa kando ya damu yangu na kuulizwa: mbona hufanani na huyu? Wamenipa jina, Bwana Kipimo. Mimi niliyeitwa mbele ya darasa kama mfano wa ubaya, leo ni mfano wa uzima.

Kupima kwenyewe ni hivi. RNA ni dhaifu, hivyo kwanza wanatengeneza nakala yake ya DNA, ambayo ni ngumu kidogo. Halafu wanaitia kwenye mashine ya PCR. Mashine inapasha moto, inapoza, inapasha, inapoza, na kila mzunguko kilichokuwa kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, kama umbea wa bwenini. Kwenye skrini unatokea mstari. Ukipanda mapema, maana yake vilikuwa vingi tangu mwanzo, moyo unavuja. Ukichelewa, uko salama. Mimi nasimama nyuma na kitambaa changu kana kwamba nafuta, kumbe natazama.

Sasa daktari anataka watu wazima zaidi, asitegemee mmoja tu. Nikamwambia nina dada mwenye nguvu za trekta. Alicheka, akakubali. Dereva amebeba chupa mbili. Ndani kuna dawa ya kuituliza damu isiharibike njiani. Mpe nesi wa shule akutoe. Usimwambie akutoe kwa huruma, mwambie akutoe kwa sayansi.

Bwana Kipimo
(Chiriku)


17 Machi
Jikoni

Mdogo wangu,

Marahaba, Bwana Kipimo. Nyani haoni kundule, lakini wewe umeanza kuonyeshwa kwa watu kama picha ukutani.

Damu hiyo anayo dereva. Nesi wa shule ni mwanamke wa maneno mengi. Amenitoa, kisha akanishika kifundo cha mguu, akabonyeza kwa kidole, akabaki anakitazama kishimo. Akasema likizo nishuke naye hospitali ya mjini. Nikamwambia mdogo wangu yuko huko huko, anapima mioyo ya watu, na atanipa jibu kabla ya likizo. Akasema sawa, tungoje.

Nami nangoja. Sina lolote. Ni kazi tu, na umri, na jiko la kuni.

Uliandika kuwa hujaguswa na mtu. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko yale ya mashine. Siku ukija nitakupiga kofi, utakuwa umeguswa.

Dada yako


30 Machi
Maabara, ghorofa ya pili

Dada,

Shikamoo, na hongera.

Majibu rasmi anatoa daktari, na daktari yuko safari kwa wiki mbili, hataki mtu aambiwe kitu kabla hajapitia mwenyewe. Lakini lori linaondoka mchana huu, na mimi nina macho. Leo mashine ilipokuwa inamaliza nilikuwa nyuma yake na kitambaa. Mstari wangu ukapanda. Wako ukapanda. Dada, ilipanda pamoja, bega kwa bega, kama sisi tulipokuwa tunakimbilia bomba la maji na wewe unanishika shati nisikupite. Nilitaka kupiga kelele lakini nimevaa barakoa.

Maana yake unaijua? Mimi ndiye uzima wenyewe. Wewe umelingana na mimi. Kwa hiyo wewe ni mzima kama mimi. Mwambie nesi wa shule na kidole chake.

Hata wagonjwa siku hizi wanajitahidi. Wengi wanapanda karibu na mimi, watu wanaohema mpaka kwenye korido wanatokea wazima. Daktari kabla ya kusafiri alikuwa anakuna kichwa, akasema labda dawa zao zimeanza kufanya kazi. Mimi nasema ni baraka ya kukaa karibu nami.

Jirani amehama. Nimekwambia ili ujue. Chumba sasa kiko kimya mpaka naisikia ile mishipa ya shingo ikigonga kwenye mto. Inagonga kwa nguvu. Mtu mwenye damu ya kipimo lazima agonge.

Jumapili hii panda kilima, walau mara moja. Matope yamekauka, dereva kaniambia.

Chiriku


14 Aprili
Jikoni

Mdogo wangu,

Marahaba. Tena marahaba kubwa.

Sikukuambia, lakini nilikuwa na hofu. Nilipofungua barua yako nilikaa chini kabisa, sakafuni, nikaisoma kwa sauti. Wasichana wakadhani kuna msiba. Nikawaambia hakuna msiba, nimelingana na mdogo wangu.

Basi sasa naweza kukusimulia, maana yamekwisha. Tangu mwaka jana nilikuwa nikilala chali napungukiwa pumzi, kama mtu kaniwekea gunia. Nikaomba mto wa pili kwa matroni, halafu wa tatu. Nilikuwa nalala nimekaa, kama abiria. Jana nimemrudishia matroni mito yake. Nimemwambia mpeni mgonjwa, mimi nina cheti kutoka mjini. Usiku haukuwa mzuri sana, lakini ni mazoea tu, mwili umedekezwa.

Nesi wa shule nimemwambia ile safari ya hospitali basi. Alinuna, lakini maabara ni maabara. Na mwalimu mkuu nimemkubalia nibaki likizo yote kuwapikia watahiniwa. Nitakuwa peke yangu jikoni, wasichana wanakwenda kwao. Nimeanza kubeba sufuria kubwa mwenyewe tena. Nikihema najiambia, hema tu, mdogo wako ameshasema.

Viatu vimekataa miguu, navaa ndala. Kilima bado. Nitapanda siku moja.

Nimefurahi, Chiriku. Nimekaa muda mrefu bila kufurahi.

Dada yako


20 Aprili
Ghorofa ya tatu

Dada,

Shikamoo. Angalia anwani. Nimepandishwa.

Ilikuwa hivi. Ameletwa fundi mpya wa maabara, mama mmoja mkali, miwani yake ina kamba. Siku ya kwanza tu akauliza: huyo mzima wenu ni nani? Wakanionyesha kwa kidole. Akauliza: na wengine? Wakasema hakuna wengine. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema mnapima nguo zote kwa bega la mtu mmoja. Akaenda chuo cha jirani, akarudi na damu za wanafunzi chungu nzima. Tangu hapo nimestaafu ukipimo. Kazi ya sifa haidumu.

Lakini usisikitike. Daktari aliporudi alinipokea vizuri mno. Aliniweka sikio kifuani muda mrefu, halafu akanipeleka kwenye ile mashine inayoonyesha moyo ukicheza kwenye televisheni. Nikamuuliza kama naonekana vizuri. Akasema anaona vizuri. Baada ya hapo nikapewa chumba kingine huku juu, kirefu, madirisha pande zote, kitanda cha magurudumu. Naletewa chai kitandani. Barafu wanabeba wengine. Nimekatazwa hata kusukuma toroli, unaona heshima hiyo? Na sio peke yangu tena, tuko wengi, ila wenzangu ni wazee na hawapendi utani.

Dirisha langu linaonyesha barabara anayopita dereva wa lori. Naitazama sana.

Endelea na kazi zako kwa amani. Wewe ni mzima.

Chiriku


24 Aprili
Ghorofa ya tatu

Dada,

Barua yako ya mito imefika leo. Nakutumia bahasha mbili. Ile ya tarehe ishirini nilikuwa nimeshaifunga kabla hii yako haijaja. Nimeifungua nikaisoma. Ulisema mtu akiuandika uongo ataona haya akiusoma. Naona haya. Soma hii, ile uitie jikoni.

Hiki si chumba cha heshima, ni wodi. Mstari wangu ulipowekwa kando ya ile ya wanafunzi, ya wanafunzi ilichelewa yote pamoja, na wangu ukapanda peke yake, mapema, mbele kabisa. Mimi ndiye ninayevuja. Moyo wangu umetanuka. Daktari amenichorea kwenye karatasi, kama mfuko uliobeba maji kupita kiasi. Ameniuliza tena habari za baba, safari hii taratibu, na nilipofika kwenye jua akaniambia halikuwa jua.

Nililala na hayo siku hizo zote, na wala sikukukumbuka. Nilikuwa nafikiria cheo changu. Nimesoma barua yako ndipo nikaona.

Dada, wewe ulilingana na mimi.

Na mimi ndiye niliyekuambia uko salama, kabla ya daktari, kwa sababu lori lilikuwa linaondoka na nilitaka niwe wa kwanza kukupa neno zuri. Damu yako na yangu zilipanda pamoja kwa sababu tumerithi moyo mmoja. Nimemwita daktari, nimempa barua yako. Ameisoma amesimama. Mito, viatu, kishimo cha kidole, vyote. Kisha akasema neno moja: aletwe.

Mimi nimekatazwa kushuka kitandani, vinginevyo ningekuwa ndani ya lori hili. Nimepiga simu yako najua haishiki. Nimepiga ile ya waya ya ofisi ya shule inaita tu, ni likizo. Dereva anasubiri chini, mlinzi atampelekea hii. Amekubali kugeuza safari, unga wa watu wengine utachelewa.

Kwa hiyo sikiliza, na leo mimi ndiye ninayekusema. Acha sufuria. Usifunge jiko, usioshe chombo. Usibebe kitu chochote, hata mkoba. Panda lori hili hili, ukae mbele.

Na lile la kilima nimelielewa leo. Hayakuwa matope, wala haukuwa uongo wangu wa kwenye simu. Hukuweza kufika juu. Umeona afadhali uache kunisikia kuliko kuniambia kwamba unahema. Jumapili zote hizo nilidhani umenichoka.

Dawa zipo. Daktari amesema zipo, na mtu akiwahi anaishi nazo. Wahi.

Mdogo wako


3 Mei
Ghorofa ya tatu

Dada,

Hii haina wa kuibeba, maana lori halijarudi. Naiandika ili mkono usikae bure.

Mvua imenyesha huko, wanasema daraja limefunikwa. Mzee wa kitanda cha pili ananiuliza kila asubuhi natazama nini barabarani. Nimemwambia nangoja unga.

Fundi yule wa miwani yenye kamba alikuja kunitembelea. Nilidhani amekuja kunitoa damu, nikakunja mkono wa shati, akaukunjua. Alikaa. Akasema kosa si langu, mtu hajitangazi kuwa kipimo, anatangazwa. Nikamwambia mimi nilijitangaza pia, awaulize hata wafagizi. Akaniambia wameanza kuwaita wale waliotoka wazima kwa sababu yangu, wapimwe upya. Wengine wamekuja. Wengine simu hazipatikani.

Alipoondoka akanipa mkono. Hakuwa na glovu. Nikauangalia mkono wangu muda mrefu baadaye, kama mjinga.

Nilikuwa nikijisifu kwamba kila mtu analinganishwa na mimi. Sasa nakwambia ukweli, usimwambie mtu: nilikuwa naipenda kazi ile kwa sababu ndiyo pekee iliyonifanya niwe karibu na watu. Damu yangu ilikuwa inakaa na damu za wengine kwenye sahani moja ya mashine. Mimi mwenyewe nilikuwa narudi kwenye chumba cha redio.

Ukiwa umeanguka jikoni, na hakuna wasichana, nani atakuwa amekuokota?

Naacha hapa. Kuna honi barabarani.

Si lori. Ni gari la takataka.

Chiriku


6 Mei
Wodi ya wanawake, chini kabisa

Mdogo wangu,

Usiamke. Nesi anayekuletea hii ameniahidi atakushika mabega kabla hujaifungua. Niko hapa. Niko chini yako, ghorofa tatu.

Lori lilifika siku ile ile uliyoandika, jioni. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko, siwezi kwenda mbele wala nyuma, sufuria imeungua. Nilidhani dereva ameleta unga. Aliponipa bahasha mbili nikafungua ile mbaya kwanza, ya chumba cha heshima, nikacheka, nikasema huyu mtoto kalazwa. Kwa sababu nakujua. Kisha nikafungua ya pili.

Watahiniwa walinibeba na kiti changu cha vitunguu mpaka kwenye lori. Malkia kweli. Daraja lilitukatalia, tukalala kwenye zahanati ya ng'ambo, nikapewa sindano za kunitoa maji, maji yakafunguka, nikaona vifundo vya miguu yangu nilivyovisahau. Daraja lilipofunguka tukaja. Daktari wako amenitazama moyo kwenye televisheni yake. Amesema tumekuja tumechelewa, lakini tumekuja. Dawa hizi tutameza maisha yetu yote, na hakuna ahadi zaidi ya hiyo. Jikoni sirudi.

Ni kweli kuhusu kilima. Mara ya mwisho nilifika nusu, nikakaa chini, nikawa natazama tangi. Nilikuwa na simu mkononi. Nikasema nikimwambia, ataacha kazi arudi, na ndiyo kwanza amepata kazi anayojivunia. Nikatunga lile la uongo na karatasi. Unaona, nami karatasi haikunitia haya.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tulikuwa wafichaji wawili, na kidogo tuumbuliwe wote.

Sasa, lifti ya hospitali yenu ni mbovu, na wamenikataza ngazi. Nimeomba wanibebe, wakasema wagonjwa hawabebwi kwa ajili ya kusalimiana. Nimewaza sana jambo hili. Mimi siwezi kupanda. Lakini kinachouchosha moyo ni kupanda, Chiriku. Kushuka hakuuchoshi hivyo. Nimemuuliza daktari, akakuna kichwa, akasema polepole, na mtu wa kumshika, huenda. Halafu akauliza: na kurudi juu?

Nikamwambia hayo ya kurudi tutayajua huku chini.

Umekaa juu muda mrefu. Shuka.

Dada yako


6 Mei, saa hiyo hiyo
Ghorofa ya tatu, kwa mara ya mwisho

Dada,

Shikamoo. Nimeomba dakika moja ya kuandika kwa sababu nesi anatafuta ndala zangu na mlinzi wa getini ameitwa aje anishike upande wa pili.

Nitachelewa. Nitakaa kila ngazi wanayoniambia nikae. Mzee wa kitanda cha pili amesema niusalimie unga.

Lile kofi uliloniahidi bado nalitaka. Nipige kwa mkono mtupu.

Chiriku